Dishi Litazame Wapi? Mwongozo kwa Anayetaka Kununua King'amuzi

Kabla hujatoa hata shilingi, tafuta rafiki anayekaa ghorofani, Magomeni au Sinza, umwombe akukaribishe juu jioni moja. Ukifika, achana na upepo; angalia mabati ya watu. Utaona madishi ya tabia mbili. Kuna yaliyosimama karibu wima, yote yamegeukia magharibi, na kuna yaliyolala chali kidogo, uso umeelekea juu. Hayo ya pili mengi ni ya DStv. Satelaiti yao iko nyuzi 36 mashariki na Dar es Salaam iko nyuzi 39, kwa hiyo iko karibu utosini mwako. Hayo ya kwanza mengi ni ya Azam, ambao satelaiti yao iko nyuzi 7 mashariki, juu ya Ghuba ya Guinea, jirani na kisiwa cha São Tomé. Dishi la Azam lililofungwa sawasawa hapa Dar linatazama Kigoma. Ukipotea mjini huhitaji dira.

Zote mbili zinaning'inia kilomita 35,786 juu ya ikweta. Katika umbali huo satelaiti inaizunguka dunia kwa muda uleule ambao dunia inajizungusha, ndiyo maana dishi hufungwa mara moja likaachwa. Na ndiyo maana mechi inayochezwa Uwanja wa Benjamin Mkapa, Temeke, inapanda kwanza hadi juu ya São Tomé ndipo ishuke Mbagala, kwa mtu ambaye angefika uwanjani kwa daladala moja. Ukiona bei, kumbuka nauli ya safari hiyo.

Mgeni wa mambo haya ataanza kuhesabu madishi akidhani mtaa umeshampigia kura. Hesabu ya mapaa ina kasoro: haionyeshi dishi lipi liko hai. Mpangaji akihama, king'amuzi hufungwa kwenye shuka pamoja na pasi na sufuria, dishi hubaki juu, maana kulitoa kunaacha matundu kwenye bati na mwenye nyumba hataki kusikia habari ya matundu. Kwenye mapaa ya zamani kuna madishi yaliyobaki yatima kabisa. Wenye kumbukumbu watakutajia GTV, kampuni iliyoingia Afrika Mashariki mwaka 2007 ikiwa na haki za sehemu kubwa ya mechi za Ligi Kuu ya Uingereza. Watu walikimbilia. Mwishoni mwa Januari 2009, msimu ukiwa katikati, ikafilisika, skrini zikawa nyeusi, na waliolipia wakabaki na kisanduku kizuri cha kuwekea vitabu juu yake. Kwa hiyo ukimkuta mzee anayesema "mimi hivi vitu nasubiri kwanza", usimwite mshamba. Yeye alishalipa karo ya somo hilo.

Sasa nenda dukani.

Nenda Kariakoo, kwa sababu huko wakala wa kampuni hii na wakala wa kampuni ile wanakaa meza kwa meza chini ya miavuli ya rangi tofauti, na wote wamekuona tangu unashuka. Atakayekuwahi atakuita bosi. Usivimbe kichwa, amemwita bosi pia mpita njia aliyebeba kreti la soda. Atakuuliza: "Unataka cha dishi au cha antena?" Hili ndilo swali la maana kuliko yote utakayoulizwa siku hiyo, na ndilo ambalo watu wengi hulijibu kwa kusema, "Nipe cha bei nafuu."

Cha antena hakina habari na satelaiti. Kinapokea mawimbi kutoka kwenye minara ya hapahapa chini, kwa ile antena ya kawaida au kijiti kinachowekwa dirishani. Kimeenea tangu usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam na kila mwenye TV ya chogo akajikuta ana kabati lenye kioo mpaka anunue king'amuzi. Uzuri wake ni kwamba chaneli za bure za nyumbani, TBC1, ITV, Star TV, Channel Ten na wenzao, zinatakiwa kuonekana hata kama hujalipia mwezi. Ubaya wake ni mlima. Ukiwa nyuma ya mlima, au mbali na mnara, utapata sauti ya mtangazaji na picha iliyokatika vipande vya mraba. Cha dishi hakijali mlima. Kinajali tu kwamba kati ya dishi na mbingu pasiwe na kitu. StarTimes wanauza vya aina zote mbili, Azam nao wana cha antena, kwa hiyo jina lililoandikwa kwenye boksi halitoshi kukuambia umebeba nini. Kuna mtu mahali fulani sasa hivi anahangaika kuchomeka waya wa antena kwenye king'amuzi cha dishi, na anaamini ameuziwa kibovu.

Na usimwamini jirani kuhusu chaneli za bure. Alichokiona yeye mwaka juzi si lazima kiwepo leo. Mwaka 2018 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, iliamuru kampuni za dishi ziondoe chaneli hizo kwenye ving'amuzi vyao kwa sababu leseni zao hazikuwa za aina hiyo, na familia nyingi zikakaa mbele ya TV saa mbili usiku kusubiri taarifa ya habari isiyokuja. Kabla ya kununua, mwambie wakala awashe, atafute chaneli yako, uione kwa macho yako.

Atawasha. Tena kwa furaha, maana TV ya kwenye meza yake imelipiwa kifurushi cha juu kabisa. Utaona simba wa Serengeti wakikimbia kwa ung'avu ambao hata wao hawajawahi kujiona nao. Utaona mpira, sinema, katuni, watu wanapika keki.

"Hiki kinaonyesha kila kitu, bosi."

Hajadanganya. Kinaonyesha kila kitu leo, na kwako kitaonyesha kila kitu kwa muda wa ofa, kama ipo. Ofa ikiisha, chaneli zitabaki kwenye orodha na namba zake zilezile, ila ukibonyeza utaambiwa kwa adabu kwamba hiyo haimo kwenye kifurushi chako. Majina ya vifurushi yasikubabaishe. Utakutana na Poa, Bomba, Shangwe, Nyota, Lite, Plus, na kadiri jina linavyochangamka ndivyo unavyotakiwa kuuliza maswali mengi zaidi. Jina halikuambii kuna mpira gani ndani.

Na hapa ndipo penye kiini cha jambo lenyewe, kwa hiyo vuta kiti.

Mnunuzi asiyejua anaamini ananunua mashine. Analinganisha rimoti, anapima uzito wa kisanduku, anauliza warantii. Mashine zote zinafanana. Unachonunua ni haki za matangazo, na haki hizo ziliuzwa zamani, kwenye vyumba ambavyo wewe hukualikwa. Ligi Kuu ya Uingereza, mechi zote, msimu mzima, unaitazama SuperSport, na SuperSport wamo DStv. Ligi Kuu ya Tanzania Bara ni ya Azam: mwaka 2021 walisaini na shirikisho la soka, TFF, mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. StarTimes nao kila baada ya muda huibuka na ligi au mashindano ya kwao, na orodha hiyo inabadilika mikataba inapoisha, hivyo ulizia ya mwaka huu, usikariri ya mwaka uliopita.

Sasa jitazame wewe. Ukiwa shabiki wa Yanga peke yake, mambo yako ni mepesi na Mungu anakupenda. Ukiwa shabiki wa Arsenal peke yake, vilevile, ukiacha maumivu mengine. Lakini Mtanzania wa namna hiyo ni nadra kama daladala tupu saa kumi na mbili asubuhi. Mtu wa kawaida ana Simba au Yanga moyoni tangu kuzaliwa, halafu ana timu ya Uingereza aliyojichagulia shuleni, na timu hizo mbili zimeuzwa kwa kampuni mbili. Wakala anajua hilo. Ukimuuliza, "Kinaonyesha mechi?" atajibu, "Zote!" kwa sababu hukusema za nani. Muulize kwa jina: "Simba na Yanga ikichezwa, naiona kwa kifurushi hiki hiki ulichonitajia? Manchester na Liverpool je, kwa bei hiyo hiyo?" Utamwona anashusha pumzi na kukuita kaka badala ya bosi. Hapo ndipo mazungumzo ya kweli yanaanza.

Kuna watu watakaojaribu kukusaidia kwa hoja ya uzalendo. Kijiweni utaambiwa hiki ni cha kwetu, kile ni cha Makaburu, kile ni cha Mchina. Hoja hiyo ina raha yake. Ni kweli Azam ni ya kundi la Bakhresa, na inawezekana kabisa mtu akaamka akala chapati za unga wa Azam, akavuka kwenda Unguja kwa boti ya Azam, akashushia juisi ya Azam, jioni akaitazama Azam FC kwenye Azam, ikicheza ligi ambayo Azam ndiyo imenunua haki zake. Huyo akiwa na malalamiko sijui atayapeleka wapi. Lakini wanaosema "Makaburu" wamepitwa na wakati: Septemba 2025, Canal+ ya Ufaransa ilikamilisha kuinunua MultiChoice, wenye DStv, kwa hiyo anayetaka kuendelea kununa itabidi ajifunze kununa kwa Kifaransa. Mimi ninavyoona, uzalendo ni sababu nzuri ya kuchagua unga. Kwa king'amuzi, angalia ratiba.

Mpaka hapa tumezungumza kana kwamba mwenye nyumba ndiye anayetazama TV. Hilo ni kosa la kawaida la wanaume wanaokwenda Kariakoo peke yao. Kaa nyumbani siku moja ya kazi uone. Kuanzia asubuhi rimoti iko mkononi mwa dada wa kazi, na yeye ndiye pekee anayejua namba ya kila chaneli bila kutazama orodha. Saa za mchana anafuatilia marudio ya tamthiliya. Usiku anajua kitakachotokea kabla ya mama mwenye nyumba, lakini hasemi, kwa sababu ana busara. Ukinunua king'amuzi kisicho na tamthiliya yao, utakuwa umenunua ugomvi wa lugha mbili: wa mdomo kutoka kwa mke, na wa vyombo kutoka jikoni.

Kwa hiyo fanya utafiti kwa upole. Je, nyumba yako ni ya Jua Kali? Basi unahitaji Maisha Magic Bongo, na hiyo iko DStv. Je, ni ya masultani wa Kituruki wanaozungumza Kiswahili fasaha kuliko wabunge? Hao utawakuta Azam. Au mna mapenzi ya tamthiliya za Kichina? Msione haya. Mwaka 2011 TBC ilionyesha ile ya Doudou na visa vyake na mama wakwe, ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili, na ikapendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping alipokuja Dar es Salaam Machi 2013 aliitaja kwenye hotuba yake. StarTimes wamejenga sehemu ya biashara yao juu ya ugunduzi huo: mama mkwe hahitaji mkalimani.

Watoto ni rahisi. Watoto hutazama chochote chenye rangi, mara 40, mfululizo.

Tuseme umechagua. Umelipa, umepewa boksi, dishi limefungwa kwenye kamba, na wakala amekuunganisha na fundi. "Fundi wetu huyu, bosi, usiwe na wasiwasi." Fundi atakuja na bodaboda, dishi limekaa katikati yake na dereva, ngazi ataazima kwa jirani. Atauliza TV inakaa wapi, ataangalia juu, ataangalia magharibi, atasema "hapa safi kabisa," na atapanda. Kuanzia hapo nyumba yako itaendeshwa kwa sauti.

"Imekuja?"

"Bado, fundi!"

"Sasa je?"

"Bado! Imeandika inatafuta!"

"Sasa?"

"Imekujaaa! Hapo hapo! Usi... imeondoka, fundi!"

"Ilifika ngapi?"

"Ya juu sabini, ya chini thelathini!"

Mtoto aliyepewa kazi ya kusoma namba ndiye mtu muhimu kuliko wote hapo, kwa hiyo usimpe yule anayependa kumfurahisha mkubwa. Mistari ni miwili: mmoja unaonyesha nguvu ya mawimbi, mwingine ubora wake. Nguvu ikiwa juu na ubora uko chini, dishi limeshika kitu, ila si kitu chako. Fundi mwenye haraka atakaza skrubu ubora ukiwa pale picha inapoanza tu kuonekana, atashuka, atapangusa mikono na kuomba maji ya kunywa. Picha itakuwa nzuri. Jua linawaka, hewa ni kavu, yeye ameshapata hela yake. Mwambie apande tena. Amtafutie mtoto namba kubwa zaidi, asogeze kidogo kidogo, hata kile kichwa kilicho mbele ya dishi, kile wanachokiita LNB, akizungushe taratibu kwenye kishikio chake. Kila asilimia utakayoipata leo juani utaitumia Aprili.

Mwangalie pia anavyofunga waya. Pale waya unapoingia kwenye LNB ndipo maji yanapopenda kuingia pia. Akiuacha wazi, bila mpira wala utepe, maji yatateremka ndani ya waya polepole kwa miezi, na siku utakayomwita arudi atakuambia LNB imekufa, nunua nyingine. Na kama kuna mwembe karibu, muulize. Kama dishi lako linatazama Kigoma, ina maana chochote kilichosimama upande wa magharibi ni mpinzani wako: mwembe, mnazi, tangi la maji, jirani aliyeanza kumwaga nguzo za ghorofa ya pili. Hapa wenye dishi linalotazama utosini wana nafuu. Huwezi kuamka ukakuta jirani amejenga juu ya kichwa chako, ingawa kwa Dar sitoi ahadi.

Mvua inastahili aya yake. Mawimbi haya ni mafupi sana, sentimita 2 na nusu hivi, na tone kubwa la mvua linayanyonya na kuyatawanya. Wingu zito likisimama kati ya dishi na satelaiti, picha inaganda, inakatika, inaandika ujumbe. Hilo hutokea kwa kampuni zote za dishi, hata wakala akikuambia cha kwao "hakisumbuliwi na mvua". Sasa weka kalenda mbili pamoja. Masika ya pwani ni Machi hadi Mei. Ligi ya Uingereza inaisha Mei. Kwa maneno mengine, wakati bingwa anatafutwa ndio wakati mbingu zinafunguka, na aliyepanga ratiba hizo mbili hakuwa na dishi Mbagala. Dawa iliyopo ni dishi kubwa zaidi: la sentimita 90 linakusanya mawimbi zaidi ya mara mbili ya la 60, na linavumilia mvua ambayo dogo limeshakata tamaa. Wakala atakupa dogo kwa sababu ndilo lililo kwenye ofa. Ongeza hela.

Kuna kasoro nyingine pia ambayo hata mafundi wengi hawaijui, na itakupa heshima mtaani ukiijua. Siku chache kila Machi na kila Septemba, jua hupita nyuma kabisa ya satelaiti, na kelele zake huzima mawimbi kwa dakika kadhaa mchana. Kwa dishi linalotazama utosini hapa Dar, ni kati ya saa sita na nusu na saa saba hivi. Picha inapotea, hakuna wingu, hakuna upepo, halafu inarudi yenyewe. Fundi aliyepigiwa simu wakati huo akifika atakuta kimerudi, atagusa waya mmoja, na utamlipa.

Malipo ya mwezi ni elimu ya peke yake. Utalipa kwa simu, utaingiza namba ya kadi, namba ni ndefu, na wino wake kwenye kibandiko cha chini ya king'amuzi unafutika kwa jasho la vidole. Ukikosea tarakimu moja, kuna familia Sumbawanga itapata mwezi wa baraka na haitajua wa kumshukuru. Piga picha kile kibandiko siku ya kwanza. Na kabla ya kulipa, washa king'amuzi. Ruhusa ya kufungua chaneli haiji kwa simu, inakuja kwa njia ileile ya satelaiti, na kisanduku kilichozimwa hakisikii. Watu wanalipa asubuhi ofisini, king'amuzi kiko nyumbani kimezimwa kwa sababu LUKU imeisha, jioni wanawasha wanakuta wamefungiwa, wanapiga simu huduma kwa wateja wakiwa wamepandisha. Wenye DStv hata majina ya maradhi wameyakariri: E48-32 ni kwamba mawimbi hayafiki, panda juu ya bati, E16 ni kwamba hujalipia, au umelipia na king'amuzi hakijapata habari. Nimewasikia wanaume wakisalimiana kwa namba hizo.

Wajanja hawalipi miezi yote 12. Ligi zikifunga mwezi Juni, wanaacha kabisa mpaka Agosti, au wanashuka hadi kifurushi cha chini. Mwezi wa king'amuzi ni siku 30 tangu ulipolipa, haujali tarehe ya mshahara, kwa hiyo ukilipa siku ya Jumatano ambayo timu yako haichezi umeshawapa zawadi. Subiri Jumamosi. Lakini usisubiri mpaka dakika ya tano ya mchezo, maana wenzako wote walioamua kusubiri wanalipa dakika hiyo hiyo.

Jambo ambalo hakuna tangazo litakalokuambia ni kuchelewa. Mawimbi yakipanda na kushuka yanatumia robo sekunde hivi, hiyo si kitu; lakini picha inabanwa upande ule na kufunguliwa upande huu, na kila kampuni na kila kisanduku vina mwendo wake. Jirani mwenye king'amuzi cha aina nyingine anaweza kushangilia goli wakati wewe mshambuliaji wako bado anavuka katikati ya uwanja. Mwenye redio huwawahi wote. Kwa hiyo kabla ya kununua, kaa nje siku ya mechi kubwa, sikiliza nyumba ipi inapiga kelele kwanza, kisha nenda ukawaulize wanatumia nini. Ukishindwa kununua cha kwao, nunua feni yenye kelele.

Huenda umefika hapa ukaona bora uvute waya kwa jirani. Inafanyika sana kwenye nyumba za kupanga: king'amuzi kimoja, TV mbili, mnachangia. Inafaa, mradi uelewe kwamba rimoti iko kwake. Utatazama anachotazama. Dakika ya 88 ya mechi, penalti imetolewa, mkewe atakumbuka tamthiliya, na wewe upande wa pili wa ukuta utaona mpigaji anarudi nyuma kuchukua kasi, kisha mwanamke wa Kituruki analia bustanini. Huwezi kugonga mlango. Umechangia nusu, na nusu yako ni hiyo.

Au nenda kibanda umiza. Wengi wa waliosoma mwongozo huu wataishia huko na hawatajuta. Mwenye kibanda alishafanya uamuzi ambao wewe umeshindwa kuufanya: ana ving'amuzi viwili, TV mbili, dishi moja linatazama Kigoma na jingine linatazama juu, na ubao mlangoni umeandikwa kwa chaki mechi za leo na saa zake. Unalipa jero au buku, unakaa kwenye benchi, mgongo unauma kama jina linavyosema, na mvua ikikata mawimbi mnakatikiwa wote, hakuna wa kulaumiwa peke yake. Ila tamthiliya hakuna, na mke wako hatakuja.

Kwa hiyo utanunua viwili. Usijidanganye, karibu kila mwenye timu mbili hufika huko. Utaanza na kimoja kwa sababu ya bajeti, utakaa nacho msimu mmoja ukijisifu kwa uvumilivu, kisha watani watafika nusu fainali na wewe huoni. Cha pili kikija, rimoti zitakuwa tatu mezani pamoja na ya TV, na mgeni hataweza kuwasha chochote humo ndani bila kumwita dada. Kila mwezi utaahidi kukiuza kimoja. Siku ukithubutu kukitangaza, hakikisha umebadilisha jina la mwenye kadi kabla hujapokea hela, la sivyo mnunuzi akikwama na malipo atakupigia wewe. Atakuja jioni, atakigeuza juu chini, atanusa kama kimewahi kuungua, halafu atakuuliza:

"Kinaonyesha mechi?"

Muulize kwanza yeye ni wa timu gani, zote mbili.